Rekoda Iliyochemshwa

Enzi zetu pale mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, muziki ulikuwa unaota shambani. Mama alikuwa na kashamba kadogo nyuma ya nyumba za kupanga, mahali ambapo hata mbuzi angelala amekunja miguu, na hapo alipanda malenge. Siku ya kuchuma majani ya kupondwa na viazi vya mukimo, sisi watoto tulikuwa tumepanga foleni kabla kisu hakijanolewa, kwa sababu bua la jani la malenge liko na shimo katikati. Unalikata, unalikwangua zile nywele zake kwa kucha, unalipasua kidogo juu, unapuliza. Linalia mbuuu. Bua fupi linalia kama ndama, refu linalia kama lori la mahindi likipanda mlima. Midomo iliwasha mpaka jioni, lakini ni nani aliyejali?

Kwa mambo hayo mimi nilikuwa namba moja. Sijisifu, ulizeni mtu yeyote aliyekulia pale. Wenzangu walitoa sauti moja. Mimi nilitoboa bua langu kwa mwiba nikatoa tatu. Dada yangu mkubwa alisema ni nne, ingawa siku hiyo alikuwa anataka nusu ya mandazi yangu.

Wenzangu wa rika mnakumbuka. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mpaka vidole vikapasuka. Tulisukuma matairi, tukiyaongelesha kama magari yenye bima. Wasichana waliruka blada za tyubu ya baiskeli, na ule upepo wa Nakuru wa mchana ulitujaza vumbi mpaka ukitafuna unasikia mchanga. Ukipewa kangumu ya jana, ile keki kavu ya dukani, unaitumbukiza kwa chai, inakunywa chai yote, halafu inakuangalia ikiwa bado ngumu. Na tulikuwa na afya! Siku hizi mtoto akiona vumbi anauliza sanitaiza iko wapi. Binti yangu mwenyewe, alipokuwa mdogo, nilimwonyesha bano akaigeuza mkononi akaniuliza, "Baba, hii inachajiwa wapi?"

Shuleni kulikuwa na rekoda moja. Kwa yule ambaye hajui, rekoda ni ile filimbi ya plastiki yenye mashimo saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Yetu ilikaa kwa kabati ya mwalimu mkuu, pamoja na kengele na kombe la mbio lililokuwa limevunjika mkono. Kila Jumatano, Madam Truphosa, mwalimu wetu wa muziki, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, aliileta darasani imefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Tulikuwa arobaini na kitu. Kila mmoja anapuliza mara moja, anaipangusa kwa sweta, anampa mwenzake. Na hizo sweta nazijua. Mmoja akiwa na mafua Jumatano, kufikia Ijumaa darasa zima linapiga chafya kwa pamoja kama kwaya.

Zamu yangu ilipofika niliipuliza kama bua la malenge, na rekoda ikapiga yowe.

"Kamau," Madam akasema, "hiyo si ng'ombe. Ipulizie kama unapoza uji."

Nikapoza uji. Sauti iliyotoka, jamani, mpaka leo nikiikumbuka nikiwa kwa mataa ya barabara ya Nairobi, taa inageuka kijani na mimi sitoki, watu wananipigia honi. Kwa muda mfupi sana nikajifunza wimbo mzima. Mashindano ya muziki ya shule yalipokaribia, Madam akanichagua nipige peke yangu. Peke yangu! Mtoto wa Kaptembwo, kiatu kimefungwa kwa waya. Mashindano yalikuwa Jumanne, kwa hivyo Ijumaa akaniruhusu nibebe rekoda nyumbani nifanye mazoezi.

"Ikipotea," akasema, "na wewe upotee nayo."

Haikupotea. Heri ingepotea.

Mama yangu alikuwa mtu wa usafi. Tulikaa chumba kimoja, lakini sakafu yake ungemega ugali juu yake. Aliishika rekoda, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaona alama za meno.

"Wangapi wameweka mdomo hapa?"

"Darasa lote, Mama."

"Hata yule kijana wa nyumba ya kona, mwenye makamasi?"

"Hata yeye."

Akaiweka kando ya jiko. Wakati huo dada yangu mdogo alikuwa ananyonya chupa, na nesi wa kliniki alikuwa amewafundisha akina mama kwamba kitu cha kuingia mdomoni kinachemshwa. Mama alilishika hilo somo kwa mikono miwili. Nilitumwa maji, na niliporudi na mtungi nikakuta sufuria inatokota kwa jiko la makaa. Chupa mbili zilikuwa zinacheza ndani. Katikati yao rekoda ilikuwa imejikunja kama ndizi, inazunguka polepole kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Sasa vidudu vimekufa," Mama akasema kwa furaha. Halafu akaitoa na mwiko, akaigeuza. "Hii imekuwa nini?"

Alijaribu kuinyoosha. Aliiweka chini ya mguu wa kitanda, sisi wote tukalala juu ili kuongeza uzito. Asubuhi ilikuwa imenyooka upande mmoja, imebonyea upande mwingine, na mdomo umepinda kama wa mtu anayesengenya. Mama akaniambia, "Hebu jaribu." Nikaangalia uso wake. Mwanamke aliyefulia watu nguo siku nzima, mikono imechubuka, na sasa anaogopa kafilimbi. Nikamwambia, "Iko sawa, Mama. Sina haja ya kujaribu." Nikaifunga kwa kitambaa.

Jumatatu Madam Truphosa aliifungua, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Madam. Niliikalia."

Adhabu yake sitaisimulia, wenzangu wa rika mnaijua. Lakini jina la shule lilikuwa limeshaandikwa, na rekoda nyingine haikuwapo. "Utapiga hiyo hiyo," akasema.

Jumanne nilisimama kwenye jukwaa la shule nyingine huko mjini, mbele ya watoto wenye soksi mpaka magotini. Noti ya kwanza ilitoka kama bata amekanyagwa. Ya pili ilikuja na mwenzake ambaye hakualikwa. Ya tatu ilikataa kabisa, nikapuliza hewa tupu, fyuuu. Ukumbi ulilipuka. Yule mzee wa kutoa alama alijifunika kwa leso, mabega yakitikisika. Miguu yangu ilitaka mlango, lakini vidole vilikuwa vimekariri wimbo, vikaendelea. Nilipiga mpaka mwisho. Mstari kwa mstari, bata kwa bata.

Mama hakuweza kuja, alikuwa kazini. Jioni akaniuliza, "Ilikuwaje?"

"Watu walifurahi sana, Mama."

Na sikudanganya.

Tangu siku hiyo sikugusa muziki. Darasa la saba niliacha shule nikaenda kubeba mabomba ya plastiki kwa duka la vifaa vya ujenzi. Nilibeba mpaka bega moja likashuka kuliko lingine, linaonekana mpaka leo nikivaa koti. Na sasa hiyo hadiwea kubwa unayoiona mtaa wa Free Area, yenye rangi ya chungwa, ni yangu. Wenye digrii wananipigia simu kuniuliza bomba gani linafaa maji moto. Ukioga Free Area na maji yakatoka vizuri, nishukuru mimi. Plastiki naijua kuliko aliyeivumbua.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo binti yangu ni Nyambura kama mama yangu, na mimi humuita Mami tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Yuko Gredi ya nane. Alianza rekoda Gredi ya nne, kama watoto wote wa siku hizi, na ile ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi wa pale steji ya matatu, rangi ya waridi. Wenzake walipiga wimbo mmoja wakaziacha chini ya kochi. Yeye hakuacha. Mwaka huu akachaguliwa apige peke yake mashindano ya kaunti.

Peke yake. Niliposikia hilo neno niliiona tena ile sufuria ikitokota.

Mwalimu wake akanitumia ujumbe: ile ya waridi imemfikisha mwisho, anahitaji rekoda nzuri ya plastiki kabla ya mashindano. Ujumbe ulikuwa mrefu, lakini nilisoma mpaka neno "plastiki" nikafunga simu. Plastiki! Mwalimu wa muziki anifundishe mimi plastiki?

Jumamosi tukaenda mjini, mimi na Mami. Nilibeba flaski. Mke wangu alifikiri ni chai.

Duka la vyombo vya muziki ni la Bwana Ramesh, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, miwani kwenye paji la uso, haharakishwi na mtu. Akatutandazia rekoda sita juu ya kioo cha kaunta. Nikakunja mikono ya shati. Bomba zuri unaligonga kwa kucha, unasikia kama ni zito. Unalinusa, kwa sababu plastiki iliyorudiwa kiwandani inanuka mafuta ya taa. Unafunga jicho moja, unaliangalia ndani kama mtu wa bunduki. Na unakwepa viungo, maana kila kiungo ni mahali maji yatavujia. Nikafanya hayo yote, wateja wakisimama kutazama. Nikachagua nyeupe, nene, nzito, kipande kimoja bila kiungo. Kwa boksi iliandikwa ni ya mtindo wa Kijerumani.

"Hapa umefika," nikamwambia Mami. "Mashine yangu ya kukata mabomba ni ya Kijerumani, haijawahi kunikosea adabu."

Mami akaipuliza. Kwa masikio yangu ilikuwa tamu. Akarudia mahali fulani, akarudia tena, akakunja pua.

"Baba, noti yake ya F-sharp haikai. Na wimbo wangu unayo kila mstari."

"Itakaa. Ni mpya."

"Boss," Bwana Ramesh akasema taratibu, "si kiatu, eti kitapanuka. Huo mtindo umerahisishwa kwa wanaoanza. Mashimo yamepangwa noti moja iwe rahisi, ile ya jirani yake ikaharibika. Msichana ameshapita hapo. Mwalimu hakukuambia achukue ya mtindo wa Baroque?"

Mami akaniangalia. Nikakohoa, nikachungulia simu. Ujumbe ulikuwa umesema hivyo hivyo, neno la tatu baada ya "plastiki".

"Nipatie hiyo Baroque basi," nikasema, kama mtu aliyekuwa anampima.

Ilikuwa ya kahawia, na ya vipande vitatu! Kichwa, mwili na kakipande ka mguuni. Kitu cha vipande vitatu, kwangu, kimeshavunjika. Hapo ndipo nilipofungua flaski, mvuke ukapanda mpaka kwenye magitaa.

"Boss, unataka kupika nini?" Bwana Ramesh akauliza.

"Nataka kuitumbukiza nione kama itasimama."

"Ukitumbukiza, umenunua."

"Na ikipinda?"

"Umenunua iliyopinda."

"Baba!" Mami akanong'ona. "Watu wanaangalia. Aki wacha."

Lakini mimi nikishaanza kazi sirudi. Nikamwambia anipatie ile ya bei ya chini kabisa, nikaisukuma ndani ya flaski, nikahesabu moyoni kama nangoja gundi ya bomba ishike. Nilipoitoa ilikuwa inaniangukia mkononi kama kuku aliyechinjwa. Duka lote likageuka. Hata jamaa aliyekuwa anajaribu ngoma ya kanisa akashusha fimbo.

"Ona!" nikasema. "Mmeona?"

"Nimeona," Bwana Ramesh akasema. "Kwani nyumbani kwako rekoda huliwa?"

Mami hakucheka. Aliniangalia vile mama yangu huangalia mtoto mwenye homa. "Baba, ni nani huchemsha rekoda? Mimi huosha na maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Basi."

Nikasema kuna watu huchemsha. Nikafunga flaski.

Basi akachukua usukani. Aliunganisha ile ya kahawia, akaziba mashimo yote, akapuliza noti ya chini kabisa, pole, pole sana, kama anapoza uji. Ikatoka nzima, haikukwaruza. Akapanda juu mpaka nikafikiri kioo kitapasuka, nayo haikupiga yowe. Akapiga F-sharp yake. Ikakaa kama bibi kwenye stuli. Halafu akavuta kichwa kidogo tu, sauti ikashuka ilingane na kinanda cha dukani, akazungusha kale kakipande ka mguuni mpaka shimo likafika chini ya kidole chake cha mwisho, ambacho ni kifupi, amekirithi kwangu.

Hapo nikaelewa. Kiungo si cha kuvuja tu. Kiungo ni cha kukuwezesha kugeuza bomba lielekee mahali mwenye nyumba anataka. Nikawaeleza watu wote waliokuwa dukani, kwa sauti, na mifano, kwa nini rekoda ya vipande vitatu ni bora. Bwana Ramesh akashusha miwani akanisikiliza mpaka mwisho. "Boss," akasema, "ungekuja bila flaski tungekuwa tumemaliza saa ile."

Tukarudi nyumbani Lanet na rekoda mbili, moja ya kahawia na moja iliyolala.

Mama yangu siku hizi anaishi na sisi. Tulimkuta jikoni, akasikia tumetoka wapi, akanyoosha mkono. Mami, bila kujua kitu, akampa ile mpya. Shosho, ndivyo Mami anavyomwita nyanya yake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Wangapi wameweka mdomo hapa?"

Nikahisi soksi zinalowa jasho. "Mama, ni mpya! Ni yeye tu!"

Alichukua sufuria, akawasha gesi, akaweka maji. Nilisimama kati yake na jiko, mtu mzima, mwenye hadiwea. Akanisukuma kwa kiwiko. Akangoja kidogo tu, akazima, akachovya kile kiwiko majini kama anayepima maji ya kuoga mtoto. Akaongeza ya baridi. Akaosha mdomo wa rekoda kwa kidole kimoja, akaikausha kwa kanga yake.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Niliharibu moja. Sikuambiwa niharibu mbili."

Miaka yote hiyo nilidhani amesahau. Mami akatugeuzia macho mmoja baada ya mwingine, akatoa ile iliyopinda kwenye mfuko. "Baba. Hebu piga."

Sikuwa nimeshika rekoda tangu ile Jumanne. Lakini vidole havisahau. Nikapuliza, na bata akatoka, yule yule, utadhani alikuwa ananingoja. Na mwenzake ambaye hakualikwa. Na ile fyuuu. Mama akashika kiti. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akajipangusa macho.

"Ndiyo sauti hii uliyotoa mbele ya watu?"

"Ndiyo hii."

"Na ulimaliza wimbo?"

"Niliumaliza."

Akaokota kitambaa chake, akakifunga polepole. "Basi," akasema. "Basi ni sawa."

Siku ya mashindano Shosho alikaa mstari wa mbele kabisa, amevaa koti la kanisani, na F-sharp ikakaa kila mstari. Mami alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mzuri, lakini mimi nina maswali kuhusu hao watoa alama.

Ile iliyopinda nimeitundika dukani Free Area, ukutani juu ya mabomba. Watoto wa siku hizi wanaingia na wazazi wao, wananiuliza ni spea ya nini. Kila mmoja wao ana rekoda yake mwenyewe, imenyooka, na mafua yake mwenyewe. Ni vizuri, sisemi ni vibaya. Lakini juzi Mama alikuwa anachuma majani ya malenge hapa Lanet, mabua yamejaa beseni, na hakukuwa na foleni. Nikachagua refu, nikalikwangua, nikalipasua kidogo juu. Mbuuu. Nikageuka kumpa anayefuata, na nyuma yangu hakukuwa na mtu. Enzi zetu ningekuwa nimeshanyang'anywa.